Kikokotoo cha grafu: uandike programu za hesabu au michezo?

Mwanafunzi akipata kikokotoo cha grafu kwa mara ya kwanza, kazi anayoiona mbele yake ni kuchora grafu na kutafuta majibu ya mazoezi. Baada ya wiki chache hugundua kitufe kilichoandikwa PRGM, hukibonyeza, na kukuta nafasi tupu inayomtaka aandike jina la programu mpya. Hapo ndipo anapokwama. Wapo watakaomshauri aandike programu za hesabu, kwa kuwa ndizo zitakazomsaidia darasani, na wapo watakaomshauri aandike michezo, kwa kuwa hamu ndiyo inayomrudisha mtu kwenye kazi kesho yake. Nimewahi kutoa ushauri wote wawili kwa watu tofauti, na kila mara nilimaanisha nilichosema. Njia hizi hutumia lugha ileile na vitufe vilevile, lakini humdai mwandishi vitu tofauti: programu ya hesabu humdai aielewe kanuni yake mpaka pembeni kabisa, na mchezo humdai aielewe mashine, pamoja na wakati unavyokwenda ndani yake.

Kuandika programu ndani ya kikokotoo si jambo jipya. Casio fx-7000G, kikokotoo cha kwanza cha grafu kuuzwa madukani, kilitoka mwaka 1985 kikiwa na baiti 422 tu za kuhifadhia programu, na Texas Instruments walifuata na TI-81 mwaka 1990. Katika ulinganisho huu nitashikilia zaidi TI-83 Plus ya mwaka 1999 na TI-84 Plus ya mwaka 2004, pamoja na lugha yao ya TI-Basic, kwa sababu ndivyo vikokotoo nilivyoandikia programu kwa miaka mingi na ndivyo ninavyowaona navyo vijana wetu wanaosoma sekondari Marekani. Mwenye Casio atakuta amri zina majina mengine, lakini hoja ni zilezile.

Vigezo vya ulinganisho

Nimechagua vigezo vitano. Cha kwanza ni faida masomoni, yaani kile ambacho programu inakupa ukiwa na daftari la mazoezi mbele yako. Cha pili ni stadi za uprogramu zinazojengeka kwa kuiandika. Cha tatu ni namna makosa yanavyojitokeza. Wengi hukiruka kigezo hiki, ingawa kwangu ndicho kizito kuliko vyote, maana anayejifunza peke yake hutumia muda mwingi zaidi kutafuta kosa kuliko kuandika. Cha nne ni muda unaohitajika na mipaka ya mashine. Cha tano ni kanuni za mtihani, ambazo zinaweza kuifuta kazi yote usipozijua mapema.

Upande wa kwanza: programu za hesabu

*Faida masomoni.* Programu ya hesabu inaweza kukulipa siku ileile unapoikamilisha, lakini malipo hayo yanategemea sana kazi uliyoichagua. Wengi huanza na mlinganyo wa kipeo cha pili. Kama zoezi la kuanzia ni zuri, ila TI-84 Plus huja na PlySmlt2, programu ya kiwandani inayotafuta majawabu ya milinganyo ya namna hiyo na ya mingine migumu zaidi, na eneo lililo chini ya mstari wa grafu nalo lina amri yake tayari, fnInt(. Ukiandika upya kitu ambacho mashine tayari inacho, utajifunza, lakini hutakuwa umejiongezea chombo. Chombo kipya hupatikana pale ambapo mashine imepungukiwa.

Mfano mzuri wa upungufu huo ni vipeuo. Ukiuliza kipeuo cha pili cha 72, TI-84 Plus itakujibu 8.485281374, ilhali mwalimu anataka 6√2. Programu ya mistari sita inatosha kuziba pengo hilo:

Prompt N
int(√(N))→K
While fPart(N/K²)
K-1→K
End
Disp K,N/K²

Programu inaomba namba, inachukua namba nzima iliyo chini kidogo ya kipeuo chake, kisha inashuka hatua kwa hatua mpaka ipate namba ambayo kipeo chake cha pili kinaigawa N bila baki. Kwa 72 inaanza na 8, lakini 64 haiigawi 72. Inashuka hadi 7, na 49 nayo haiigawi. Inafika 6, na 36 inaigawa mara 2 kamili. Kwenye kioo zinatokea 6 na 2, nawe unaandika 6√2. Mtu aliyeiandika programu hii kwa mkono wake, badala ya kuinakili, hatasahau tena maana ya kurahisisha kipeuo, kwa sababu amelazimika kuieleza kwa mashine isiyobahatisha wala kuelewa kwa kukisia.

*Stadi za uprogramu.* Programu za aina hii hufundisha kupokea namba, kuihifadhi, kuweka masharti na kuzungusha kitanzi, yaani kurudiarudia amri zilezile. Zaidi ya hayo, hujenga tabia ya kuuliza mtumiaji anaweza kuingiza nini. Vipi kama A, namba iliyo mbele ya x² katika mlinganyo, ni sifuri? Vipi kama namba iliyo ndani ya kipeuo ni hasi? Tabia hii ni ya thamani kubwa katika uprogramu wowote. Upungufu wake ni kwamba karibu zote zina umbo moja: zinauliza, zinakokotoa, zinaonyesha jibu, zinakoma. Mtu anaweza kuandika ishirini za namna hiyo na asiwahi kukutana na swali la kitu kinachoendelea kubadilika huku mtumiaji akibonyeza vitufe.

*Makosa yanavyojitokeza.* Hapa ndipo penye hatari, na napenda msomaji aione kwa macho yake. Tuseme umeandika programu ya mlinganyo wa kipeo cha pili, ukamalizia kanuni kwa kuandika (-B+√(B²-4AC))/2A, kama inavyoonekana kitabuni. Unaijaribu kwa x²-5x+6=0. Inakupa 3, na ukiweka alama ya kutoa inakupa 2. Majibu ni sahihi, unafurahi, unaihifadhi. Siku ya pili unaingiza 2x²-10x+12=0, ambao ni mlinganyo uleule uliozidishwa mara mbili na majawabu yake ni yaleyale 3 na 2. Programu inakuambia 12 na 8.

Kilichotokea ni kwamba TI-83 na TI-84 hazisomi /2A kama mwanadamu anavyoisoma kitabuni. Kuzidisha kusikoandikwa alama kuna uzito sawa na kugawanya, na kazi hufanywa kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa hiyo mashine imegawanya kwa 2, kisha ikazidisha kwa A. A ikiwa 1, kosa halionekani kabisa. Tena TI-82, ndugu yake mkubwa, ilisoma kinyume: ilizidisha kwanza. Basi programu iliyonakiliwa kutoka kikokotoo kimoja kwenda kingine iliweza kubadili majibu bila herufi hata moja kubadilishwa. Dawa ni mabano tu, /(2A), lakini atakayeikumbuka ni yule aliyewahi kuumwa.

Makosa mengine hupiga kelele. A ikiwa sifuri, mashine husimama na kuandika ERR:DIVIDE BY 0. Namba iliyo ndani ya kipeuo ikiwa hasi, nawe uko katika hali ya namba halisi, huandika ERR:NONREAL ANS. Hayo si ya kuogopa, kwa sababu mashine yenyewe imekuonyesha mahali pa kuangalia. La kuogopwa ni jibu lisilo sahihi linalotokea kwa utulivu, likaandikwa kwenye daftari, likakusanywa. Kwa sababu hiyo, kila programu ya hesabu ijaribiwe kwa angalau maswali matatu ambayo majibu yake unayajua, na moja kati yake liwe na namba zisizo za kawaida.

*Muda na mipaka ya mashine.* Programu nyingi za hesabu hazifiki baiti 200, na kwenye TI-83 Plus kuna takriban kilobaiti 24 za kumbukumbu ya kazi. Nafasi si tatizo. Kasi nayo haisumbui, isipokuwa kwa vitanzi virefu kama kutafuta vigawo vya namba kubwa. Jioni moja inatosha kumaliza programu moja pamoja na majaribio yake. Jambo la kuangalia ni kwamba herufi A hadi Z hutumiwa kwa pamoja na programu zote: programu ya leo ikiandika ndani ya B, thamani uliyoihifadhi humo jana imeondoka.

*Mtihani.* Msomaji aliyeko Kenya au Tanzania ajue tangu mwanzo kwamba karatasi za hisabati za KCSE, na vilevile za NECTA za kidato cha sita, huruhusu vikokotoo visivyopangiwa programu pekee. Kazi yako itakuwa ya kujifunzia, haitaingia nawe chumbani. Katika shule za mtaala wa kimataifa wa IB (International Baccalaureate), zikiwamo zilizoko Nairobi na Dar es Salaam, kikokotoo cha grafu kinahitajika, ila huwekwa katika hali ya mtihani. Kwenye TI-84 Plus hali hiyo huzizuia programu zako zisifunguke mpaka mashine iunganishwe na nyingine au na kompyuta. Mitihani ya Marekani inatofautiana. Soma kanuni za mtihani wako mwenyewe, na usimtegemee rafiki aliyefanya mwaka mwingine.

*Inamfaa nani.* Inamfaa mwanafunzi mwenye mada anayotaka kuishika kwa uhakika, mwenye muda mfupi, na anayeridhika na kazi ambayo huenda ikaonwa na yeye peke yake. Haimfai anayetafuta njia ya kuikwepa hesabu yenyewe. Programu iliyonakiliwa bila kueleweka humwacha mtu mikono mitupu siku kikokotoo kinapowekwa katika hali ya mtihani, na nimewaona wanafunzi wenye akili nzuri wakipatwa na hilo.

Upande wa pili: michezo

*Faida masomoni.* Faida ya mchezo masomoni huja kwa mzunguko, wala hakuna sababu ya kuificha. Mchezo wa kukisia namba kati ya 1 na 100 hautakusaidia kumaliza zoezi la kesho. Lakini anayeuandika, akacheza, kisha akajiuliza kwa nini makisio saba yanamtosha kila mtu anayegawa katikati, atakuwa amekutana na ukweli kwamba 2 kwa kipeo cha 7 ni 128, na kwamba 100 iko chini yake. Ameikuta logi bila kuambiwa ni logi. Vivyo hivyo, atakayesogeza alama kwenye kioo ataizoea safu na mstari kama anavyoizoea njia ya kwenda nyumbani. Kwa mwanafunzi anayeiogopa hisabati, mlango huu wa pembeni una maana kubwa.

*Stadi za uprogramu.* Katika kigezo hiki mchezo una utajiri wa pekee. Mchezo hauulizi kisha ukakoma. Unazunguka bila kusimama: unatazama kama kitufe kimebonyezwa, unabadilisha hali ya mambo, unachora upya, unarudi mwanzo. Amri ya getKey hutoa namba ya kitufe kilichobonyezwa mwisho, nayo ni 24 kwa mshale wa kushoto, 25 wa juu, 26 wa kulia na 34 wa chini. Tuseme K ni namba hiyo ya kitufe, na R ni mstari ambao alama yako imesimama, kati ya mistari 8 ya kioo. Mwanafunzi wa kwanza ataandika masharti manne au matano ya If. Aliyezama zaidi ataandika mstari mmoja:

R+(K=34)(R<8)-(K=25)(R>1)→R

Usome polepole. Kwa TI-Basic, tamko la kweli lina thamani ya 1 na la uongo lina thamani ya 0. Ukibonyeza mshale wa chini, na R bado haijafika 8, moja inazidishwa kwa moja na R inaongezeka kwa 1. Ukiwa tayari umefika chini kabisa, moja inazidishwa kwa sifuri na R inabaki ilipo. Sharti limegeuka kuwa hesabu ya kuzidisha. Siku mwanafunzi anapolielewa hili, mstari kati ya mantiki na aljebra unafutika mbele yake, na sijaona programu ya kawaida ya hesabu inayofundisha jambo hilo kwa uzuri kama huu.

Kuna stadi nyingine ambayo mchezo huileta wenyewe, nayo ni kuandikia watu. Programu ya vipeuo utaitumia wewe unayeijua. Mchezo utaombwa na mwenzako wa dawati la pili, naye atabonyeza vitufe ambavyo hukuwahi kufikiria mtu angevibonyeza, tena viwili kwa pamoja.

*Makosa yanavyojitokeza.* Mengi huonekana papo hapo, na hilo ni rehema kwa anayeanza. Ukisahau kuandika nafasi tupu pale alama ilipokuwa kabla ya kuichora mahali papya, itaacha mkia wa herufi kioo kizima. Ukiiruhusu R ifike 9, mashine itasimama na kuandika ERR:DOMAIN, kwa kuwa mstari wa tisa haupo. Hakuna haja ya kujua jibu sahihi kutoka kitabuni. Jicho linatosha kukuambia kuwa kuna tatizo.

Lakini mchezo una makosa yake ya kimyakimya pia. Lililo baya zaidi ni kutumia Goto kuruka kutoka ndani ya kitanzi, au kutoka ndani ya If-Then, kabla ya kufika End yake. Mashine hubaki ikikumbuka kwamba kuna End inayodaiwa, na kila ukiruka deni linaongezeka kidogo. Mchezo unaanza vizuri, unacheza dakika kadhaa bila shida, kisha unakatika ghafla na ERR:MEMORY huku programu yenyewe ikiwa ndogo. Anayejaribu mchezo wake kwa sekunde kumi kila mara hatalipata kosa hilo kamwe. Jingine ni la namba za nasibu: kikokotoo kikifutwa kumbukumbu yake, mfululizo wa rand huanza upya kutoka mahali palepale, na namba ya kwanza ni .9435974025 kwa kila mtu. Darasa zima likifutwa vikokotoo siku moja, mchezo wako wa kukisia utakuwa na jibu lilelile la kwanza kwa wote.

*Muda na mipaka ya mashine.* Hapa mchezo ndio unaodai zaidi, na ndipo wengi wanapokata tamaa. TI-Basic hufasiriwa amri baada ya amri wakati programu ikiendelea, kwenye prosesa ya Z80 yenye kasi ya megahezi 6 kwa TI-83 Plus na 15 kwa TI-84 Plus. Kioo ni nukta 96 kwa 64, au herufi 16 kwa mistari 8. Hata mpangilio wa programu unaathiri kasi, kwa sababu Goto huitafuta lebo yake, yaani alama ya mahali pa kurukia, kuanzia juu ya programu. Lebo iliyowekwa mwisho huchelewa kupatikana. Mchezo wa zamu kwa zamu, kama kukisia au kupanga, utakwenda vizuri. Mchezo wenye maadui kumi wanaosogea kwa pamoja utajikongoja, hata uandikwe kwa ustadi gani.

Kwa ajili hiyo wapenzi wa michezo waliingia katika lugha ya mashine mapema. Mwaka 1994 Dan Eble alitoa ZShell, iliyoiwezesha TI-85 kuendesha programu za asembli, yaani zilizoandikwa kwa amri za prosesa yenyewe, ingawa kiwanda hakikuwa kimefungua mlango huo, na baadaye michezo ya kasi kama Phoenix ya Patrick Davidson ikaonyesha kile ambacho mashine hizi zinaweza. Kuanzia mwaka 2010 kulikuwa na Axe ya Kevin Horowitz, lugha iliyokaa kati ya Basic na asembli. Kisa ninachokipenda zaidi ni cha mwaka 2009, pale Benjamin Moody alipoigawa namba ya biti 512, yenye tarakimu zaidi ya 150, katika vigawo vyake viwili tasa; namba hiyo ndiyo ilikuwa ufunguo wa kuidhinishia mfumo endeshi wa TI-83 Plus. Mlango wa mashine ulifunguliwa kwa hesabu ya namba tasa, ileile inayofundishwa shule ya msingi, ila kwa ukubwa wa kutisha.

Asembli ina gharama. Kosa dogo halikupi ujumbe wa ERR. Linagandisha mashine, na ikiwaka tena unasoma RAM Cleared. Nilipoteza hivyo mchezo wa mafumbo nilioufanyia kazi likizo nzima, kwa sababu sikuwa nimeuhamishia kwenye hifadhi ya kudumu, ambayo TI-83 Plus inayo na ambayo haifutwi kwa namna hiyo. Mwenye TI-84 Plus CE, ile ya rangi iliyotoka mwaka 2015, ajue pia kwamba mwaka 2020 Texas Instruments waliondoa uwezo wa kuendesha asembli katika matoleo mapya ya mfumo wake. TI-Basic imebaki, na matoleo yenye jina la Python yana lugha ya uprogramu ya Python pia.

*Mtihani.* Mchezo haukusaidii mtihanini, wala msimamizi hana sababu ya kuuvumilia. La maana kwako ni kuulinda: kabla ya siku yoyote ambayo vikokotoo vitafutwa, unakili kwa waya kwenye kompyuta.

*Inamfaa nani.* Unamfaa mwenye subira ya wiki kadhaa, anayependa kuona kitu kikitembea kwa amri yake, na hasa anayefikiria kusomea kompyuta. Unamfaa pia aliyekwisha kukata tamaa na hisabati lakini bado ana udadisi. Haumfai anayejijua kuwa akianza kucheza hamalizi. Kuandika mchezo na kuucheza ni kazi mbili, na ya pili hula muda wa ya kwanza.

Kazi zilizo katikati

Si lazima mtu asimame upande mmoja. Mchezo wa mzinga, ambapo mchezaji anachagua pembe na kasi na tufe linapaa kwa njia ya mlinganyo wa kipeo cha pili hadi kwenye shabaha iliyowekwa kwa nasibu, ni hesabu na mchezo kwa wakati mmoja. Unachorwa kwa Pxl-On( nukta baada ya nukta, na ucheleweshaji wa TI-Basic unageuka kuwa faida kwa kuwa jicho linaufuata mwendo wa tufe. Ningeupendekeza kama kazi ya tatu au ya nne, si ya kwanza.

Uchague vipi kwa hali yako

Ikiwa mtihani uko wiki chache mbele, andika programu moja au mbili za hesabu katika mada inayokusumbua, uziandike kwa mkono wako, kisha ufanye maswali yaleyale bila kuzitumia. Mchezo usubiri likizo.

Ikiwa hisabati inakupa hofu, anza na mchezo wa kukisia namba. Ni mistari isiyozidi kumi na tano, unakamilika kwa jioni moja, na utakufungulia randInt(, amri ya kutoa namba nzima za nasibu, pamoja na kitanzi na masharti bila kanuni yoyote ya kukariri. Programu ya vipeuo iwe ya pili.

Ikiwa hisabati unaiweza na unalenga kusomea kompyuta, nenda kwenye michezo bila kuchelewa, kwa maana huko ndiko utakapokutana na mambo usiyoyajua. Anza na alama inayosogea kwa mishale, kisha uongeze kitu kimoja kila siku: ukuta, alama za ushindi, adui mmoja. Kaa mbali na asembli mpaka umeshazoea kuhifadhi nakala.

Ikiwa wewe ni mwalimu au kaka mkubwa unayemwongoza mdogo wako, mpe uhuru wa kuchagua mada, lakini usimwachie uhuru wa kutojaribu. Katika programu ya hesabu mpe maswali matatu yenye majibu yanayojulikana, moja likiwa na A isiyo 1. Katika mchezo mwambie aucheze dakika kumi mfululizo mbele yako bila kuuzima.

Na ikiwa uko Mombasa, Mwanza au Bujumbura na kikokotoo cha namna hii hakipatikani kwa bei unayoimudu, unaweza kuanza hata hivyo. NumWorks, kikokotoo cha Kifaransa kilichotoka mwaka 2017, kina kiigizo, yaani programu inayokiiga, kinachofunguka bure kwenye intaneti, na kinaendesha Python. Kwa kuwa huna mtihani utakaokiruhusu, kigezo cha tano hakikuhusu, na uchaguzi wako unaweza kufuata hamu peke yake: programu ya vipeuo na mchezo wa kukisia vyote viwili vinaandikika humo kwa mistari michache.